Matumbawe Sebuleni

Sisi watu wa pwani tumbawe tunalijua zaidi likiwa limekufa. Tumelijengea nyumba, misikiti na makaburi. Ukifika Kilwa Kisiwani ukapapasa kuta za Msikiti Mkuu, unapapasa matumbawe. Kuta nene za Mji Mkongwe kule Unguja ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa tanurini. Mvuvi naye analijua kama kitu kinachokata nyayo na kunasa nyavu. Kwa hiyo nilipoyaona yakiwa hai ndani ya nyumba, sebuleni kwa mjomba wangu mmoja kule Muscat, ambaye familia yake ilihamia huko baada ya 1964, nilibaki nimeduwaa. Yalikuwa yametoa minyiri midogo midogo inayoyumba na mkondo wa pampu: zambarau, kijani, na rangi nyingine ambazo sijui hata niziiteje.

"Mjomba, haya yanakula nini?" nikamuuliza.

"Jua, mwanangu. Na chokaa."

Nilidhani ananitania. Kumbe hakuwa anatania, na jibu lake lile limenifanya nisome kwa miezi kadhaa. Nataka kukusimulia, msomaji, watu walivyojifunza kumweka mnyama huyu hai mbali na bahari yake. Ni historia isiyofika miaka 200. Ugumu wake wote unaweza kuusema kwa sentensi moja: bahari ni kubwa mno, haibadiliki haraka, na maji ya kwenye chombo hubadilika kila saa.

Nasema mnyama makusudi. Tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni kundi la vijinyama laini, jamaa wa yavuyavu, kila kimoja na mdomo wake mmoja uliozungukwa na minyiri, vikiwa vimekaa juu ya mifupa waliyoijenga wenyewe kwa madini yaliyomo majini. Tunachojengea nyumba ni hiyo mifupa.

Mtu wa kwanza ninayemjua kuweka tumbawe hai nyumbani kwa muda mrefu ni mwanamke wa Kiingereza, Anna Thynne. (Kabla yake, mwaka 1832, Mfaransa Jeanne Villepreux-Power alikuwa ameshatengeneza matangi ya kioo huko Messina, Sicily, lakini yeye alikuwa na pweza wadogo wenye gamba.) Anna alikuwa mke wa Lord John Thynne, mmoja wa viongozi wa kanisa la Westminster Abbey. Mwaka 1846 alikwenda mapumzikoni Torquay, kusini ya Uingereza, akaona matumbawe madogo ya bahari ya baridi, yenye umbo la kikombe. Akayapenda, akataka kurudi nayo London.

Sasa fikiria safari yenyewe. Ukiyatia kwenye mtungi wa maji, yatagongana njia nzima. Bibi Thynne akachukua sindano na uzi, akayashona kwenye sifongo kubwa, mojamoja, kisha akaitumbukiza ndani ya mtungi wa maji ya bahari. Nimesoma mengi kuhusu wataalamu wa bahari, lakini sindano ile na uzi ule ndivyo ninavyovikumbuka zaidi.

London haina bahari. Maji ya chumvi aliyokuja nayo yalikuwa haba, na maji yaliyosimama huishiwa hewa. Dawa aliyoivumbua ni kuyamimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine, mbele ya dirisha lililo wazi, yakamwagika kwa urefu ili yachanganyike na hewa. Kazi hiyo ilichukua nusu saa na zaidi, siku baada ya siku. Hakuifanya yeye. Aliifanya mtumishi wake wa kike, binti mdogo, ambaye jina lake Anna hakuliandika. Ameandika tu kwamba binti yule alikuwa akiiona kazi hiyo kama mchezo. Mimi nina shaka na hilo. Aliyewahi kuteka maji akiwa mdogo atanielewa. Pampu zote za kisasa zinazovuma kwenye majumba ya watu leo zinafanya kazi ya mikono ya binti yule.

Mwaka uliofuata Anna aliagiza kutoka Torquay vipande vya miamba vilivyoota mwani hai, akavitia humo humo. Mwani, kama mmea wowote, ukipata mwanga hutoa hewa ambayo wanyama wanaihitaji. Kwa njia hiyo aliyaweka maji yake kwa karibu miaka mitatu, na matumbawe yakazaana. Maelezo yake yalichapishwa katika jarida la kisayansi mwaka 1859, miaka 13 baada ya safari ya Torquay, na mtaalamu Philip Henry Gosse akayawekea maoni yake.

Wakati huo Gosse alikuwa ameshakuwa jina kubwa. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, vioo vikawa rahisi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka 1854 Gosse akatoa kitabu chake kuhusu akwariamu. Ikawa fasheni. Kila nyumba yenye uwezo ikataka kipande cha bahari juu ya meza. Watu walishuka ufukweni na nyundo na ndoo, wakabandua kila kilichobandulika. Mwanawe, Edmund Gosse, katika kumbukumbu alizotoa mwaka 1907, anaeleza kwa uchungu jinsi fukwe zile alizozijua utotoni zilivyofyekwa, na baba yake alivyoumia kuona kitabu chake ndicho kilichowaonyesha watu njia. Viumbe wengi walikufa ndani ya wiki chache, wakanuka, wakamwagwa. Baada ya miaka michache fasheni ikapita.

Jambo moja halikuonekana wakati ule. Yale matumbawe ya Torquay hayahitaji jua. Yanaishi kwenye maji ya baridi na yanakula vijidudu yanavyovinasa. Matumbawe ya kwetu, ya bahari ya joto, ni mambo mengine kabisa, na mtu aliyedhani atayafuga kwa ujuzi wa Bibi Thynne angeyaua. Ndani ya nyama yao mnaishi chembe za mwani, ndogo mno, zinazoitwa zooksanthela, jina lililotokana na kazi ya Mjerumani Karl Brandt mwaka 1881. Ni wapangaji wanaolipa kodi nzuri: tumbawe linawapa makao na uchafu wake kama mbolea, wao wanatengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumpa mwenye nyumba sehemu kubwa ya chakula chake. Hata rangi ile ya kahawia kwa kiasi kikubwa ni yao.

Kulithibitisha hilo kulichukua muda. Mwaka 1928 na 1929 msafara wa Waingereza ukiongozwa na Maurice Yonge ulikaa mwaka mzima Low Isles, kwenye mwamba mkubwa wa Australia. Waliyafunika matumbawe yakakaa gizani, na yakawapoteza wapangaji wake. Hata hivyo Yonge alishikilia kwamba tumbawe ni mla nyama tu, na mwani ule kazi yake ni kuondoa taka. Miaka ya 1950 Thomas Goreau, akifanya kazi Jamaika, alitumia kalsiamu yenye mnururisho kupima mifupa inavyojengwa, akaonyesha kwamba penye mwanga tumbawe hujenga haraka zaidi kuliko gizani. Mjomba wangu aliposema "jua" alikuwa anafupisha mabishano ya miongo.

Lakini elimu ya maabara haikufika sebuleni. Katika miaka ile ile na baadaye, wafugaji wa samaki wa baharini Ulaya na Marekani walipamba matangi yao kwa mifupa ya matumbawe. Waliitoa ikaloweshwa kwenye dawa ya kung'arishia nguo hadi ikawa nyeupe pee, wakairudisha. Ikianza kuota mwani, inatolewa, inaloweshwa tena. Ukitazama picha za matangi ya enzi hizo unaona samaki wa rangi wakizunguka katikati ya makaburi. Na samaki wakiugua walitibiwa kwa dawa ya shaba, ambayo huua tumbawe na karibu kila kisicho na uti wa mgongo. Kwa hiyo hata aliyetaka kujaribu alikuwa anaua kabla hajaanza.

Aliyeuvunja mduara huo hakuwa na maabara. Aliitwa Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, Indonesia. Mwaka 1961 jarida la Kimarekani la Tropical Fish Hobbyist lilichapisha maelezo yake. Njia yake ukiisoma leo unaweza kuicheka kwa urahisi wake: maji ya bahari, mchanga wa bahari, jua la dirishani, viputo vya hewa kutoka kwenye mrija mwembamba, na mawe kutoka mwambani. Hayo mawe ndiyo siri. Hakuyaosha. Aliyaweka na kila kilichokuwa kikiishi ndani yake: minyoo, sifongo, mwani, kaa wadogo wasioonekana.

Kinachoishi kwenye mawe yale, na ambacho jicho halikioni, ni bakteria. Kila mnyama majini hutoa taka yenye amonia, na amonia ni sumu. Baharini inapotea. Kwenye tangi inarundikana. Bakteria wanaokaa juu ya jiwe huibadilisha ikawa kitu kingine chenye sumu bado, wengine hukibadilisha tena kikawa chenye madhara madogo, na walio ndani kabisa ya vitundu, pasipofika hewa, humalizia kwa kukigeuza gesi ikaondoka. Jiwe la mwambani, maana lenyewe ni tumbawe la kale lenye vitundu, ni makao yao ya asili. Wazungu walikuwa wakilitia dawa ili liwe safi. Mchina wa Jakarta aliliacha chafu, na matumbawe yakaishi.

Wengi waliomwiga mbali na bahari walishindwa. Lee alikuwa na bahari mlangoni. Jiwe lake lilitoka majini asubuhi, mchana liko ndani ya tangi. Jiwe la mtu wa Ohio lilisafiri siku nyingi likafika limeoza. Ndiyo maana jina lake lilisahauliwa kwa muda mrefu, na naona haya ni mapungufu ya waandishi wa historia ya fani hii kuliko mapungufu yake. Kila duka linalouza matumbawe leo linauza pia mawe hai, au mawe makavu ya kuotesha bakteria. Ni njia yake ileile.

Sasa tuje kwenye chokaa, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Tumbawe linapojenga mfupa linachota kalsiamu na kaboneti majini. Baharini hazipungui kwa kipimo cha kuonekana. Katika lita 300 za sebuleni, matumbawe yenye afya yanaweza kuzishusha kwa siku chache, na yakizishusha sana yanaacha kukua. Yaani yanadhoofishwa na afya yao wenyewe. Utayarudishiaje? Mwaka 1973 Peter Wilkens alichapisha kwa Kijerumani kitabu kuhusu viumbe wa maji ya chumvi wasio na uti wa mgongo, na ndiye anayetajwa sana kuwa aliieneza dawa yenyewe: maji ya chokaa.

Kila fundi wa zamani wa pwani anajua nusu ya habari hii. Unachoma matumbawe tanurini, kaboni inatoka kama hewa, unabaki na chokaa kali. Unaimwagia maji, inachemka yenyewe, inatulia. Ukiipaka ukutani inavuta ile hewa iliyopotea na kugeuka polepole kuwa jiwe tena. Wafugaji wa Ulaya walichukua chokaa ya namna hiyo, kijiko kidogo kwa lita moja ya maji baridi, wakaiacha itulie, wakatumia maji ya juu yaliyo meupe kama kioo kuyadondosha tangini tone kwa tone. Humo majini nayo inavuta hewa ya kaboni, inageuka, na tumbawe linaichota na kuijengea mfupa.

Lakini ni kali. Ukiimimina kwa mkupuo inachoma kila kitu. Inadondoshwa usiku, kwa sababu gizani mwani unaacha kazi, hewa ya kaboni inaongezeka na maji yanaelekea upande wa tindikali. Chokaa inayavuta kurudi. Na inachukua nafasi ya maji yaliyokauka mchana. Hapo pana kosa la kila anayeanza: maji yanapokauka chumvi haikauki, kwa hiyo ukiongeza maji ya chumvi badala ya maji baridi, chumvi inazidi kila siku mpaka viumbe vinasinyaa. Chumvi inatakiwa ikae karibu na gramu 35 kwa kilo ya maji, joto kati ya nyuzi 24 na 27, kalsiamu zaidi kidogo ya miligramu 400 kwa lita. Hizi si namba ngumu kuzifikia. Ugumu ni kuzifikia leo, kesho, na mwezi ujao Jumanne, mwenyewe ukiwa umesafiri.

Waberlin wakaunganisha yote: mawe hai, taa kali, maji ya chokaa, na chombo kinachopuliza viputo vingi ili uchafu upande juu kama lile povu la kahawia unaloliona ufukweni siku ya upepo. Kutoka Uholanzi na Ujerumani ujuzi ukavuka bahari. Mwaka 1986 George Smit aliandika mfululizo wa makala katika jarida la Marekani la wafugaji samaki, na mwaka 1994 Charles Delbeek na Julian Sprung wakatoa juzuu ya kwanza ya kitabu kilichokuwa msahafu wa fani. Baadaye zikaja taa za LED, vipimo vya simu, na mashine za kudondosha dawa zenyewe. Hayo siyasimulii; nenda dukani utasimuliwa mpaka uchoke.

Lakini mafanikio hayo yalirudisha tatizo la fukwe za Gosse, sasa kwa ukubwa wa dunia. Kadiri watu walivyoweza kuyaweka hai, ndivyo walivyoyataka. Indonesia ikawa muuzaji mkuu wa matumbawe hai. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, umeyaweka matumbawe magumu katika orodha yake ya pili, kwa hiyo yanavuka mipaka kwa vibali, na mwaka 2018 Indonesia yenyewe ilisimamisha mauzo ya nje kwa muda kabla ya kuyafungua tena. Nilimuuliza mjomba haya yake yametoka wapi. Karibu nusu yalikuwa vipande alivyopewa na wafugaji wenzake. Nusu nyingine akanitazama tu, akabadilisha maneno.

Vipande hivyo ndivyo vinavyonipa matumaini kidogo. Tumbawe unaweza kulipanda kama muhogo. Unakata tawi la urefu wa kidole, unaligandisha kwenye jiwe kwa gundi, na maji yakiwa mazuri linashika, linaota, baada ya mwaka unakata tena. Matumbawe mengi yaliyomo majumbani leo ni vipande vya vipande, wala hayajawahi kuiona bahari. Ujuzi huo haukuanzia chuo kikuu peke yake. Sehemu kubwa yake umekomazwa na watu wa sebuleni, waliokuwa wakibadilishana vipande ndani ya mifuko ya nailoni.

Na bahari yenyewe sasa inabadilika. Mwaka 1998 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko kawaida. Joto likizidi kwa nyuzi moja tu juu ya kiwango cha juu cha msimu, likakaa wiki kadhaa, mwani ule wa ndani huanza kutoa sumu, na tumbawe hulazimika kuwafukuza wapangaji wake. Nyama inabaki angavu, mfupa mweupe unaonekana kwa ndani, na lisipowapata tena linakufa kwa njaa. Kwenye miamba mingi ya Kenya na Tanzania matumbawe mengi yalikufa mwaka ule. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imeingia katika wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe. Ile mifupa myeupe waliyokuwa wakiilowesha ndoo kwa ndoo imekuwa sura ya miamba mizima. Mjomba ana mashine ya kupoza maji chini ya tangi lake. Bahari haina.

London wamefika mbali tena. Katika Jumba la Makumbusho la Horniman, kikundi cha Jamie Craggs kiliweka matumbawe kutoka Singapore na Australia, kikaigiza kwa kompyuta joto la kila msimu la huko yalikotoka, urefu wa mchana, na hata mbalamwezi, inayokua na kufifia kwa mwezi kamili. Mwaka 2017 walichapisha matokeo: aina nne za jamii ya Acropora zilitaga mayai ndani ya tangi, kwa wakati uliopangwa. Mpaka hapo kukata vipande kulikuwa kunatoa nakala zilezile za mzazi. Mayai yanatoa vizazi vipya, kila kimoja tofauti, na baadhi yao pengine watavumilia joto kuliko wazazi wao.

Kwetu, kazi hiyohiyo inafanyika bila kioo. Mkwiro, kwenye kisiwa cha Wasini kusini ya pwani ya Kenya, wanakijiji waliofundishwa kuzamia wanaotesha vipande vya matumbawe kwenye vitalu chini ya maji, kisha wanavihamishia kwenye miamba bandia waliyoijenga sakafuni mwa bahari. Vitalu vya namna hii vina palizi kama shamba: mwani unaota juu ya vichanja, na usipousugua kwa brashi unawafunika wachanga. Taa hawahitaji, wala chokaa. Joto hawana la kulifanya. Kinachobaki ni kuchagua mbegu, na wanaofanya kazi hii sehemu mbalimbali za dunia wanachagua hivi: baada ya msimu wa joto wanazamia, wanapita juu ya matumbawe yaliyopauka wakitafuta lile lililobaki na rangi yake, na hilo ndilo wanalolikata.